Pacha mmoja amechanjwa, mwenzake ameambiwa asubiri kilo 3

SWALI

Shikamoo Daktari,

Nina pacha, msichana na mvulana, waliozaliwa mimba ikiwa na wiki 29. Msichana alikuwa na gramu 1,350, mvulana gramu 980. Tulikaa wodi ya watoto njiti wiki 8. Binti hakusumbua sana, lakini kaka yake alikuwa akisahau kupumua mara kwa mara. Aliwekewa oksijeni, akapewa dawa ya kafeini, na mara mbili akaongezewa damu. Namshukuru Mungu tulitoka wote wazima, na kafeini ilisimamishwa kabla hatujaruhusiwa.

Sasa wametimiza wiki 11 tangu wazaliwe. Wiki iliyopita niliwapeleka kliniki, nesi akawapima. Binti kilo 2.9, mvulana kilo 2.3. Binti akachanjwa, sindano na matone. Alipofika kwa mvulana akamgeuzageuza, akamshika mapaja, akasema huyu bado mdogo mno, hana nyama ya kuchoma sindano, nimrudishe akifikisha kilo 3. Nikauliza nirudi lini, akasema itategemea anavyonyonya. Kwenye kadi yake hakuandika tarehe yoyote.

Nyumbani ndiyo kabisa. Mama mkwe anasema wiki hii ndiyo waliyotarajiwa kuzaliwa, kwa hiyo umri wao unaanza leo, na hata huyo binti amechanjwa kabla ya wakati. Mume wangu anaona tumsikilize mama yake. Binamu yangu anayefanya kazi zahanati ananishauri niombe mvulana apewe nusu dozi, nusu nyingine akinenepa. Dada yangu naye anasema nimwombe nesi ampe chanjo moja moja, kila wiki moja, asizidiwe.

Ukweli ni kwamba naogopa. Usiku baada ya chanjo binti alipata joto kidogo akalia sana, sikulala. Nikawa nafikiria ingekuwa ni kaka yake, na mapafu yale niliyoyaona yakihangaika kule wodini. Kwa upande huo nilifurahi aliporudishwa. Lakini jirani ana mtoto anayekohoa wiki ya pili sasa, anakohoa mpaka anatapika, na watoto wa pale huingia kwetu wakitaka kuwaona pacha. Sijui la hatari zaidi ni lipi. Wodini hatukuelezwa lolote kuhusu chanjo, na karatasi ya kuruhusiwa ina matone ya vitamini na tarehe ya kupimwa macho tu.

Nisubiri kilo 3? Nihesabu kuanzia tarehe ipi? Nusu dozi inafaa? Na huyu aliyekuwa akisahau kupumua, chanjo haitamrudisha kule tulikotoka?

Mama pacha


JIBU

Marahaba, mama pacha, na pole kwa mashaka. Umewavusha watoto hao kwenye wiki ngumu sana, na ninaposoma maswali yako naona mama anayefikiri vizuri ingawa ana hofu.

Jibu kwanza, maelezo baadaye. Mrudishe mvulana kliniki wiki hii. Achanjwe dozi kamili, kwa umri wa wiki 11 alio nao tangu siku aliyozaliwa. Kilo 3 usizisubiri. Kabla ya kwenda, wasiliana na wodi mliyotoka uwaulize jambo moja kuhusu upumuaji wake, ambalo nitalifikia. Na huyo mtoto wa jirani anayekohoa mpaka anatapika asiwakaribie pacha kuanzia leo. Hilo nitalirudia, maana katika barua yako yote ndilo lililonishtua zaidi.

Tuanze na mama mkwe, kwa sababu hoja yake ina msingi. Watoto njiti wana hesabu mbili za umri. Moja huanza siku ya kuzaliwa. Nyingine huanza siku waliyotarajiwa kuzaliwa, nayo huitwa umri uliorekebishwa. Hii ya pili tunaitumia tukitaka kujua kama mtoto anakua inavyopaswa: atatabasamu lini, atakaa lini, atatambaa lini. Kwa mambo hayo mama mkwe yuko sahihi kabisa, na mwezi wa 6 au wa 7 atakapowaona wajukuu hawajakaa bado, hesabu yake ndiyo itakayokupa utulivu. Lakini chanjo hazifuati hesabu hiyo. Shirika la Afya Duniani, madaktari wa watoto wa Marekani, mwongozo wa Uingereza, wote wanasema neno moja: njiti huchanjwa kwa umri wa tangu kuzaliwa, hata kama alizaliwa mapema kuliko hao wako. Nchi nyingi huanza mfululizo wa sindano za paja wiki ya 6, nyingine wiki ya 8. Kwa hesabu yoyote kati ya hizo, binti alichelewa kidogo, na mvulana bado anachelewa.

Kwa nini iwe hivyo? Mtoto anapotoka tumboni, hapo hapo anaanza kukutana na vijidudu, na hapo hapo kinga yake inaanza kujifunza. Haikai ikingoja wiki ya 40 ifike. Majaribio yaliyofanywa kwa njiti, hata waliozaliwa wadogo sana, yameonyesha kwamba wengi wao hutengeneza kinga ya kutosha wakichanjwa kwa umri wa kuzaliwa. Kwa baadhi ya chanjo kinga hiyo huwa chini kidogo ya ile ya mtoto aliyetimiza miezi tumboni. Ndiyo sababu njiti hapaswi kuruka dozi yoyote, na ndiyo sababu dozi za kukumbushia katika mwaka wa pili ni muhimu kwake kuliko kwa mwingine yeyote.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawaelezwi. Katika miezi ya mwisho ya mimba mama humfungia mtoto masurufu ya safari. Kingamwili zake hupita kwenye kondo la nyuma, zikaingia katika damu ya mtoto. Kupita huko huongezeka baada ya wiki ya 28, na sehemu kubwa hupita katika wiki 4 za mwisho, hata mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa akiwa na kingamwili sawa na za mama yake au zaidi. Wako walitoka wiki ya 29, wakati mzigo ndiyo kwanza umeanza kufungwa. Kwa hiyo miezi hii ambayo mtoto mwingine huipitisha akilindwa na kinga ya mama, wao wameianza karibu mikono mitupu. Maziwa yako yanasaidia sana, hasa kulinda tumbo lao, na endelea kuwanyonyesha kadiri unavyoweza. Hayawezi kuziba pengo hilo lote. Ongeza na mapafu yaliyozaliwa kabla hayajakomaa, na utaona kwa nini kifaduro, nimonia na mafua makali huwapiga njiti vibaya kuliko watoto wengine. Udogo wa mvulana wako, ambao kila mtu nyumbani anautaja kama sababu ya kusubiri, mimi nauona kuwa ndiyo sababu ya kutosubiri.

Sasa kilo 3. Sharti hilo halimo katika miongozo niliyoitaja. Kinachoangaliwa ni kama hali ya mtoto imetulia: ananyonya, anaongezeka, hana maambukizi makali yanayotibiwa sasa hivi, hapumui kwa taabu. Uzito unahesabika hasa mahali pamoja katika ratiba hii, nako ni chanjo ya homa ya ini B inayotolewa mara mtoto anapozaliwa. Aliyezaliwa chini ya gramu 2,000 mwili wake huipokea kwa udhaifu siku zile za mwanzo. Baadhi ya nchi huisogeza mbele mpaka atimize mwezi mmoja, ikiwa mama amepimwa na hana virusi hivyo. Nchi nyingine huitoa siku hiyo hiyo, lakini haiingizwi katika hesabu ya dozi 3 anazopaswa kukamilisha baadaye. Wako wote wawili walikuwa chini ya gramu 2,000, kwa hiyo hakikisha kadi zao zinaonyesha dozi 3 nyingine zaidi ya ile ya kuzaliwa, kama walipewa. Ikiwa hukupimwa homa ya ini B wakati wa ujauzito, pimwa sasa. Ukikutwa nayo, mweleze daktari wao siku hiyo hiyo.

Kuhusu mapaja membamba, sitaki umwone yule nesi kama mtu mbaya. Kushika kipaja cha mtoto wa kilo 2.3 na kuingiza sindano kunahitaji moyo, na wengine hawajawahi kufundishwa njiti hata siku moja. Lakini jambo hili lina ufumbuzi wake. Sindano huchomwa upande wa nje wa paja, kwa mbele, mahali penye msuli mwingi kuliko kwingine kokote kwa mtoto mchanga. Watoto wengi huchomwa kwa sindano yenye urefu wa milimita 25, na kwa njiti au mtoto mdogo sana hutumika ya milimita 16. Zikiwa sindano mbili, kila moja huenda paja lake. Zikizidi, mbili zinaweza kukaa paja moja zikiachana angalau sentimita 2.5. Muulize nesi kwa upole kama anayo ile fupi.

Nusu dozi hapana, mama. Najua binamu yako amesema kwa mapenzi, na wazo lenyewe linaingia akilini: mtoto nusu, dawa nusu. Dawa ya homa tunaipima kwa kilo kwa sababu inasambaa mwili mzima na lazima ini na figo viiondoe. Chanjo haifanyi kazi hivyo. Ni somo kwa chembe za kinga, na somo likitolewa nusu linaeleweka nusu. Hili lilijaribiwa miaka ya 1980, njiti wakapewa nusu dozi ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, na kinga yao ikatoka dhaifu kuliko ya wenzao waliopewa dozi nzima. Ubaya mwingine ni kwamba kadi itaandikwa kachanjwa, nanyi mtatulia mkijua amelindwa, kumbe sivyo. Nusu dozi haihesabiwi kuwa dozi.

Vivyo hivyo kumpa moja moja kila wiki. Hakuna faida iliyoonekana kwa njiti katika kuzitenganisha, ila mtoto analia mara nyingi zaidi, unaingia mara nyingi zaidi kwenye chumba kilichojaa watoto wanaokohoa, na kila chanjo iliyosogezwa inaacha mlango wazi kwa wiki nyingine. Achomwe zote siku moja.

Sasa nije kwenye kupumua, maana najua ndiko roho yako ilipo.

Hofu yako haikutoka hewani. Njiti waliozaliwa wadogo sana, hasa wanaochanjwa wakiwa bado wodini na bado wana matatizo ya mapafu, baadhi yao husahau kupumua tena au mapigo ya moyo hushuka katika siku mbili tatu baada ya chanjo ya kwanza. Madaktari wanalijua jambo hili kwa miaka mingi, na hawajalitumia kuwanyima watoto hao chanjo. Walichofanya ni kuwachanja hapo hapo wodini, mashine ya kuhesabu pumzi ikiwa imefungwa, na kuwaangalia kwa saa 48 hadi 72. Vipindi hivyo kwa kawaida hupita vyenyewe, au kwa kumgusa mtoto tu akakumbuka, na havibadilishi maendeleo yake ya baadaye. Hatari yenyewe hupungua kadiri mtoto anavyokomaa. Mvulana wako leo amefikia wiki ambayo angezaliwa, ameacha kafeini, yuko nyumbani, ananyonya. Huyu si yule mtoto uliyemwona kwenye mashine.

Ndiyo maana nasema uwasiliane na wodi kwanza. Swali la kuwauliza ni hili: mara ya mwisho alisahau kupumua lini? Ikiwa ni muda mrefu kabla ya kuruhusiwa, na nyumbani hujaona kitu, atachanjwa kliniki kama mtoto mwingine, nawe utamwangalia kwa karibu siku 3. Lakini ikiwa amewahi kukatika pumzi au kubadilika rangi midomoni tangu mtoke, au kama bado anatumia oksijeni, omba dozi hii ya kwanza itolewe hospitali na abaki chini ya uangalizi siku hizo mbili tatu. Ikitokea akasahau kupumua baada ya dozi ya kwanza, dozi ya pili nayo ifanyike hospitali. Haifutwi.

Halafu zingatia hili, mama. Kifaduro kwa mtoto mchanga mara nyingi hakiji na kile kikohozi kirefu tunachokijua kwa watoto wakubwa. Huja kwa mtoto kukatika pumzi. Anakuwa wa bluu, ananyamaza, na huenda hata asikohoe. Kile unachoogopa chanjo itamfanyia kwa siku mbili ndicho ambacho ugonjwa wenyewe humfanyia kwa wiki nyingi, na kwa njiti unaweza kuua. Ndiyo sababu mtoto wa jirani amenishtua. Kukohoa mfululizo mpaka kutapika, kwa wiki ya pili, ni dalili inayopaswa kupimwa kama kifaduro. Mweleze mama yake leo ampeleke hospitali, kwa ajili ya mtoto wake pia. Na kama amekuwa karibu na pacha, amewabeba au amewakoholea, usisubiri siku ya kliniki. Nenda kwa daktari useme hivyo wazi, kwa sababu kuna dawa ya antibiotiki inayoweza kupewa watoto wachanga waliokaa na mgonjwa wa kifaduro kabla hawajaugua. Dozi moja aliyopata binti imemwanzishia kinga, haijamkinga vya kutosha, kwa hiyo naye yumo.

Kwa sababu hiyo hiyo, wewe, baba yao na mama mkwe mnaoishi nao mnapaswa kuulizia chanjo zenu. Kuna ya kifaduro kwa watu wazima na kuna ya mafua ya msimu, mahali zinapopatikana. Watoto wenyewe hawawezi kupewa ya mafua kabla ya miezi 6, hivyo mpaka hapo wanategemea wanaowabeba. Mama mkwe anawapenda wajukuu, barua yako inaonyesha. Mpe nafasi hii ya kuwalinda, naamini ataipokea vizuri kuliko mabishano ya tarehe.

Nirudi kwenye kadi ya mvulana. Kitu chenye haraka kuliko vyote ni matone ya kuzuia kuharisha kwa virusi vya rota. Nchi nyingi zimeweka kikomo kwamba dozi ya kwanza itolewe kabla mtoto hajatimiza wiki 15 tangu azaliwe. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hata baada ya hapo, ila kliniki hufuata ratiba ya nchi yake, na mtoto akipitwa na kikomo hicho anaweza kurudishwa bila kitu. Yeye ana wiki 11. Fikiria mngengoja kilo 3, halafu akapata mafua kidogo mkasogeza tena: muda ungekwisha. Binti amekwisha pata matone hayo, na virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo hutoka kwenye choo chake kwa siku kadhaa, basi nawa mikono vizuri kila unapombadilisha kabla ya kumshika kaka yake. Si jambo la kukutisha, ni usafi tu.

Kama nchini kwenu watoto hupewa chanjo ya kifua kikuu wanapozaliwa, angalia kama pacha waliipata, maana njiti wengi hurukwa siku ya kwanza kisha husahaulika. Inaweza kutolewa sasa. Hii ni chanjo yenye bakteria hai waliodhoofishwa, kwa hiyo kama wewe mama unaishi na virusi vya UKIMWI, au ukoo una historia ya watoto waliozaliwa na upungufu wa kinga, mwambie daktari kabla.

Damu aliyoongezewa mvulana haizuii chanjo za sasa hata moja. Itakuja kuulizwa kwenye surua, kwa sababu kingamwili zilizomo kwenye damu ya mtu mwingine zinaweza kuifanya chanjo hiyo isishike, na baadhi ya miongozo hutaka miezi 6 ipite. Aliongezewa wodini, katika wiki 8 za kwanza. Atakapofika miezi 9 muda huo utakuwa umepita, lakini iandike kwenye kadi yake, tarehe na yote. Kafeini, taa za kutibu umanjano wa ngozi, antibiotiki alizowahi kupewa, hata sindano za steroidi ulizochomwa wewe kabla ya kujifungua ili mapafu yao yakomae: hakuna kati ya hivyo kinachozuia chanjo. Mafua mepesi bila homa nayo hayazuii.

Muulize pia daktari kama mahali mlipo inapatikana kinga ya virusi vya RSV, vinavyoziba mirija midogo ya mapafu ya watoto. Hii ni sindano ya kingamwili zilizokwisha tengenezwa, si chanjo ya kawaida, na njiti ni miongoni mwa wanaotangulizwa. Inaweza kutolewa siku moja na chanjo zake.

Siku yenyewe, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi mkiwa mnasubiri, kama ulivyokuwa ukifanya wodini, na mnyonyeshe wakati anachomwa. Kunyonya hupunguza maumivu kweli, utafiti umethibitisha, na nesi akikuambia umtoe titi kwanza mwombe akuruhusu. Dawa ya paracetamol usimpe mapema kwa kujihami. Mpe tu kama daktari au nesi amekuelekeza, kwa kipimo cha uzito wake wa siku hiyo. Jioni ile anaweza kulia zaidi, kulala zaidi, paja likavimba kidogo, joto likapanda kama la dada yake. Mlaze chali, mahali unapomwona, na wewe na baba yao mpeane zamu usiku. Mkimbize hospitali akikatika pumzi, akiwa wa bluu au wa kijivu, akilegea, akikataa kunyonya mara mbili mfululizo, au joto likifika nyuzi 38 na kuendelea. Kwa njiti wa umri wake joto hilo linaangaliwa na daktari hata kama jana yake alichanjwa, kwa kuwa maambukizi na chanjo vinaweza kugongana siku moja.

Ukifika kliniki, sema hivi: "Mtoto wangu ni njiti wa wiki 29, ana wiki 11 tangu azaliwe, hali yake imetulia, na nimeambiwa njiti huchanjwa kwa umri wa kuzaliwa na dozi kamili. Naomba achanjwe leo." Nenda na karatasi ya kuruhusiwa, na kama wodi itakuandikia mstari mmoja wenye muhuri, bora zaidi. Nesi akikataa tena, usigombane naye. Mwombe amwite msimamizi wa chanjo wa kituo, au mrudishe mtoto kliniki ya njiti kule anakopimwa macho, wamchanje huko. Kucheleweshwa chanjo kwa sababu kama hii huwakuta njiti wengi, kwa hiyo wataalamu wa huko hawatakushangaa.

Limebaki la ratiba, ambalo akina mama wa pacha huniuliza. Kati ya dozi ya kwanza na ya pili zinahitajika wiki 4 au zaidi, na kuchelewa hakufanyi mtoto aanze upya, anaendelea alipoishia. Binti alitangulia kwa wiki moja, kwa hiyo tarehe zao hazitalingana. Ikiwa kwenda kliniki mara mbili kunakuelemea, na hakuna kifaduro pale kwa jirani, binti anaweza kumsubiri kaka yake wiki hiyo moja ili waende pamoja. Mvulana asiwahishwe kumfuata dada yake, kwa sababu dozi inayotolewa kabla ya wiki 4 kutimia huenda ikabidi irudiwe.